Mbuzi wa Chuchu Tatu

Maneno yalikuwa manne tu, yote manne ya kweli, na yakang'oa jicho la mtoto wa watu. Ukiulizwa ni nini hicho, usikimbilie kujibu. Wayua mwenyewe, aliyeyasema, alichukua siku tatu kukitegua kitendawili chake, na alikuwa mtu wa vitendawili tangu utotoni. Pale Kitengela watoto wa Sunday School walimpendea hilo. Kila Jumapili kabla ya kuwaachilia alisimama mlangoni akawategea kimoja alichokipenda kuliko vyote: "Niko na mbwa mmoja. Nimemjengea boma la mawe meupe, na bado akitoka anauma mji mzima." Na watoto wakaitikia kwa pamoja, "Ulimi, Mama Evalyne!"

Basi Alhamisi moja ya kiangazi, mwaka wa tisini na tisa, Wayua alitoka na kikombe chake cha bati kwenda kukamua, akakuta kamba imekatika na mbuzi hayupo. Hakuwa mbuzi wa hivi hivi. Alikuwa jike mwekundu ambaye Munguti, mumewe, mzee wa kanisa, alikuwa amemwahidi Mungu mbele ya ushirika wote kwamba Jumapili hiyo atamtoa. Hata jina nyumbani aliitwa Sadaka. Wayua aliweka kikombe chini, akashika kichwa, akalia mpaka majirani wakatoka.

"Mali ya Mungu," alisema. "Aliyemchukua avunjike mkono."

Wanawake wakaitikia amina. Hakuna aliyesema hilo si ombi la Mkristo.

Saa nne haijafika, Gakuru fundi wa baiskeli akaja mbio, mikono imejaa grisi. "Mama Evalyne, kuja. Mwizi ameshikwa pale njia ya kichinjioni. Yuko na mbuzi yako."

Njia ilikuwa imejaa watu. Katikati alisimama Keynan, kijana wa Kisomali wa miaka ishirini na kitu, mwana wa Kafiya mwenye duka ambalo Wayua alinunua sukari. Kazi yake ilikuwa kununua mbuzi soko la Kajiado na kuwaleta kichinjioni, na wengi waliomzunguka walimjua kwa jina. Wanaume wawili walikuwa wamemshika kola, shati limeraruka begani. Nyuma yake mbuzi sita walikuwa wamefungwa pamoja, na wa mwisho alikuwa jike mwekundu.

Munguti alikuwa ameshafika. Alikuwa mchunaji ngozi pale kichinjioni, akaja vile alivyokuwa, gamubuti miguuni, aproni imekakamaa kwa damu ya ng'ombe, rungu mkononi. Alishika masikio ya yule mbuzi akayainua ili wote waone. La kulia lilikatwa ncha. La kushoto lilikuwa na mapengo mawili kama meno ya msumeno.

"Hii alama ni ya ukoo wangu," alisema. "Babu alikata hivi. Baba alikata hivi. Hapa Kitengela ni nani mwingine anakata hivi?"

Kitengela hakukuwa na mwingine. Lakini ukoo haukai mahali pamoja kama jiwe la kusagia. Watu wa ukoo huohuo walikuwa wametawanyika zamani, wengine wakafika hata Kimana kulima vitunguu, na kila aliyehama alihama na wembe wake.

"Mzee, nimenunua jana Kajiado," Keynan alisema. "Ni Mkamba mwenzako aliniuzia, mzee wa Kimana. Shamba imekauka, anauza mifugo. Niko na karatasi ya soko. Iko kwa mfuko."

"Toa tuone," Gakuru akamwambia.

Keynan akaingiza mkono mfukoni. Mtu mmoja huko nyuma, ambaye hata hakuwa akiona vizuri, akapaza sauti kwamba kijana anatoa kisu. Rungu la Munguti likashuka. Mkono ulikatika kama kuni ya mgunga, na karatasi ikaanguka vumbini.

Keynan hakulia mara moja. Aliuangalia mkono wake ukining'inia mahali ambapo hauna kiungo, kana kwamba ni wa mtu mwingine. Kisha akapiga ukelele mmoja mwembamba, akapiga magoti.

"Ngojeni," Gakuru alisema, akainua mikono. "Mwenye kukamua amefika. Wacha aseme, tusije tukaua mtu bure. Mama Evalyne, angalia. Ni yeye?"

Watu wakampisha. Wayua akaangalia masikio, na masikio yalikuwa yale. Akaangalia rangi, ikawa ileile. Halafu mbuzi akapanua miguu ya nyuma akakojoa, na Wayua akaona kiwele.

Sadaka alikuwa na chuchu tatu. Mbili kama za mbuzi wote, na ya tatu nyembamba, upande wa kushoto, iliyotoa maziwa vizuri tu. Watoto wa Sunday School waliwahi kuja kuitazama wakacheka hadi wakalala chini. Mbuzi huyu alikuwa na mbili.

Ilikuwa nafasi ya pumzi moja. Katika pumzi hiyo Wayua alimwona mumewe akimtazama, na nyuma yake wachunaji wenzake wote, na akajua kwamba akisema la, Munguti atakuwa mzee wa kanisa aliyevunja mkono wa mtu asiye na hatia mchana kweupe. Aliuona na ule mkono, aliouombea uvunjike asubuhi. Aliogopa. Kuogopa si dhambi, lakini dhambi hupenda kupitia mlango huo.

"Alama ni ya kwetu," alisema.

Hapo ndipo walipomwangukia. Gamubuti zilipiga mbavu. Jiwe lilipasua mdomo, likafuatwa na lingine. Keynan alijikunja, akafunika kichwa kwa mkono uliobaki mzima, akawa anaita mama yake, kisha anamwita Mungu, kisha anaita tu. Mtu alileta tairi kutoka kibanda cha Gakuru, na Gakuru, aliyekuwa amesema tusiue mtu bure, hakumnyang'anya. Munguti aliinama, akauvuta ule mkono uliofunika uso, akapiga rungu mara moja, si kwa hasira tena bali kama mtu anayepigilia vigingi vya kuwambia ngozi. Wayua alilisikia jicho. Mlio wake aliujua: ni ule wa nyanya mbivu ikianguka sakafuni.

Tairi lilikuwa limeshavishwa, na mafuta ya taa yalikuwa yanatafutwa, ndipo Kafiya alipopasua umati. Hakusema na mtu. Alijilaza juu ya mwanawe, tairi na yote, buibui lake likamfunika mpaka miguu. Mawe mawili yalimpiga mgongoni kabla ya wenye kutupa kuelewa ni mama, na jiwe la tatu lilimpiga baada ya kuelewa. Ndipo Land Rover ya polisi ikaja ikipiga risasi hewani.

Watu walipotawanyika, Munguti akimvuta yule jike kurudi nyumbani, Wayua aliona amekanyaga karatasi. Aliiokota. Alisoma mpaka darasa la saba, na kusoma alijua. Ilikuwa na mhuri wa Jumatano. Mbuzi sita, mmoja jike, mwekundu. Alama ya kiatu chake ilikuwa imepita juu ya jina la muuzaji. Aliikunja, akaiweka ndani ya Biblia, na Biblia akairudisha kwapani.

* * *

Jioni, kuku wakipanda kulala, mzee mmoja wa Kimaasai alisimama mlangoni na mbuzi mwenye kipande cha kamba shingoni.

"Supa, yeyo," akamwamkia mama kwa Kimaasai.

"Ipa," Wayua akajibu, macho kwenye ile kamba.

"Huyu ameanguka kwa shimo, kule kwa machimbo ya mawe. Amelia siku mzima. Mimi nikamwangalia kiwele nikasema, huyu ni ule wa mama wa kanisa. Chuchu tatu hakuna ingine hapa mpaka Isinya." Akamwachilia kamba. Halafu akamwona mbuzi mwingine mwekundu, amefungwa kando ya jiko. Alimtazama masikio. Alimtazama kiwele. "Na huyu wa pili?"

Munguti alikuwa ameketi kwenye kigoda, bakuli la uji mkononi, hanywi.

"Nimesikia mmepiga mtu," mzee alisema.

"Karibu chai, mzee," Wayua alisema.

"Chai ya hapa, hapana." Akaweka fimbo begani, akaenda zake bila kuaga.

Munguti alisimama. "Lete maji. Na ushike miguu."

"Baba Evalyne."

"Tulikuwa na mbuzi mmoja. Tuko na mbuzi mmoja. Shika miguu."

Aliishika. Sadaka alimtambua, akamlamba kifundo cha mkono akitafuta chumvi, kama kila asubuhi. Munguti alipitisha kisu vibaya, yeye mwenye mkono hodari, ikabidi arudie, na mnyama akapiga mateke mpaka yakamfikia Wayua tumboni. Damu ilimwingia kwenye mikono ya nguo. Ngozi na kiwele Munguti alivizika nyuma ya choo, akarundika mawe juu.

"Yule kijana amefungwa pingu kwa kitanda huko hospitali ya Kajiado," Wayua alisema wakikata nyama. "Wanangoja apone wamshtaki wizi. Jicho limekwisha."

"Nani amekuambia?"

"Mji mzima unasema. Lakini ni mimi na wewe tunajua hakuiba. Bila neno letu atatoka kwa kitanda aingie jela."

Munguti aliweka bapa la kisu kwenye midomo yake, taratibu, kama mtu anayefunga mlango. Kilikuwa bado kina joto. "Hii mdomo ikifunguka," alisema, "nitaifunga na hii. Na haitafunguka tena."

* * *

Jumamosi Evalyne, binti yao, alikuja kutoka Athi River, alikokuwa akishona nguo kwenye kiwanda. Mama yake alimweleza yote wakichambua mchele.

"Mwaitu, mama, sikiza," Evalyne alisema. "Wewe ulisema nini? Ulisema alama. Hukusema mbuzi. Hujadanganya mtu."

"Hata nyoka wa Edeni hakudanganya sana."

"Hiyo ni maneno ya kanisa. Baba akiwekwa ndani, hii nyumba itasimama na nini? Mimi nashona makola ya mashati, mwaitu. Makola tu, kutoka asubuhi. Siwezi kubeba nyumba na makola." Aliokota chuya, akaitupa. "Na wewe pia wanaweza kukushika."

"Wanaweza."

"Basi nyamaza. Watu wanasahau."

"Ulikuwa mdogo, ulinitegea kitendawili," Wayua alisema. "Kitu gani ukikificha ndiyo kinaonekana. Nikashindwa. Nikakupa mji. Unakumbuka jibu?"

Evalyne aliinamia mchele. Jibu lilikuwa moshi.

Saa sita Mchungaji Wakhungu akapita, mtu mpole mwenye haraka, koti limemlegea mabegani. Aliandaliwa wali na nyama, naye akala kwa shukrani. "Nyama laini sana hii," alisema.

"Ya kununua," Munguti akajibu, akamwongezea mchuzi.

"Mama, kesho utatupa ushuhuda. Vile Mungu amerudisha mali ya madhabahu. Watu wanahitaji kusikia, hizi siku wizi umezidi."

Wayua alikuwa amesimama na jagi la maji. "Mchungaji, mtu akinyamaza, amesema ama hajasema?"

Mchungaji alitafuna, akafikiri kidogo. "Biblia inasema hata mpumbavu akinyamaza huhesabiwa kuwa na hekima." Akacheka, na Munguti akacheka. Wayua akamnawisha mikono yenye mafuta ya Sadaka, akamwonea huruma, maana mtu hawezi kujua anachokula ikiwa aliyepika hamwambii.

* * *

Kanisani kwao sadaka ya vitu hupigwa mnada uwanjani baada ya ibada. Jumapili hiyo kulikuwa na kuku watatu, ndizi, gunia la makaa, na mbuzi mwekundu. Munguti alimshika kamba mwenyewe, suti ya kahawia, tai. Wanawake wakapiga vigelegele. Wengi wa wanaume waliosimama pale walikuwa pia kwenye njia ya kichinjioni.

"Kabla hatujaanza," Mchungaji alisema, "mama atoe ushuhuda."

Wayua alisonga mbele, Biblia kwapani.

"Watoto wangu wa Sunday School wako wapi?" aliuliza. "Kujeni hapa mbele. Leo niko na kitendawili rahisi. Mbuzi wa Mama Evalyne ana chuchu ngapi?"

"Tatu!" watoto wakaitikia, wakicheka.

"Inameni muhesabu."

"Mama," Munguti alisema kwa chini.

Watoto waliinama. Kicheko kikafa. Msichana mmoja, mjukuu wa mweka hazina, akainua vidole viwili, akageuka kuwatazama wakubwa kama mtu aliyekosea hesabu.

"Ni mbili," Wayua alisema. "Huyu ni mbuzi wa Keynan, mwana wa Kafiya. Wangu alianguka kwa shimo, akarudi jioni ileile, na mkitaka kiwele chake chimbeni nyuma ya choo chetu. Alhamisi niliangalia nikaona mbili. Niliona kabla. Nikasema alama ni ya kwetu, na mkapiga. Sasa tunaleta mali ya mtu tuliyemng'oa jicho, tunamwambia Mungu hii ni ya—"

Ngumi ilimkuta neno likiwa mdomoni. Alianguka juu ya gunia la makaa, mdomo umejaa kitu kama changarawe, akatema akaona ni meno mawili ya mbele. Munguti alimwinua kwa kitambaa cha kichwa akampiga tena, na tena, tai imeruka begani, huku akisema, "Nilikuambia. Si nilikuambia," kwa sauti ya mtu anayeomba. Hakuna aliyemshika. Mikono iliyokuwa myepesi Alhamisi ilikuwa mizito Jumapili.

Aliyejitupa alikuwa Evalyne. Alijilaza juu ya mama yake, uso kwenye makaa, na buti la baba yake likampata begani, na la pili likampata sikioni. "Maliza," alimwambia. "Piga na mimi. Uko na binti mmoja, baki bila."

Munguti alisimama, mguu umeinuliwa nusu. Alitazama watu. Hakuona hata mmoja wa kumtazama usoni. Akakaa chini mavumbini na suti yake, akashika kichwa.

Mchungaji Wakhungu alikuwa amekuwa rangi ya majivu. Mkono wake ulikuwa tumboni, mahali ambapo nyama ya jana ilikuwa. "Mama," alisema, "haya tungeyamaliza ofisini."

Wayua aliokota Biblia, akaokota kamba ya mbuzi. Evalyne akamshika kiwiko. Watu walipisha njia, kama walivyompisha Alhamisi.

* * *

Kituoni, askari aliyekuwa zamu, Ochola, alimwona mama mwenye mdomo uliopasuka, akavuta daftari bila kuuliza mengi. "Ni mzee wako?"

"Ni yeye. Lakini sikuja kwa hiyo."

"Umekuja kwa nini na mbuzi?"

Kwenye benchi la ukutani Kafiya alikuwa ameketi, bakuli la chakula limefungwa kwa kitambaa magotini. Tangu Ijumaa alikuja kila siku kuomba mwanawe afunguliwe pingu ili aweze hata kugeuka kitandani. Hakuinua macho.

Wayua alitoa karatasi ndani ya Biblia, akaiweka mezani. Ochola akasoma mhuri, akasoma idadi, akaona alama ya kiatu. Wayua akamsimulia, polepole, kwa sababu maneno mengine yalimtoka pamoja na damu.

"Kwa hivyo uliambia watu ni mbuzi yako," Ochola alisema.

"Hapana. Nilisema alama ni ya kwetu."

"Na alama si ni ya kwenu?"

"Ni ya kwetu."

"Sasa, mama, ulidanganya wapi?"

Wayua alipitisha ulimi kwenye pengo. "Kuna maneno matatu nilimeza. Mbuzi si wetu. Andika hayo. Andika niliyameza nikiyajua. Na jina langu litangulie, la mzee lifuate."

Ochola aliandika. Kafiya alikuwa ameshasimama. Alichuchumaa sakafuni, akapeleka mkono chini ya mbuzi, akagusa moja, akagusa mbili. Akabaki amechuchumaa hivyo.

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Kabla ya jicho ama baada?"

"Kabla."

Evalyne alishusha pumzi kwa nguvu. Kafiya aliinuka, akachukua kamba mkononi mwa Wayua bila kugusa vidole vyake. "Mungu ni mwenye kusamehe," alisema. "Mimi niko na mtoto wa kulisha na kijiko." Akamgeukia Ochola. "Pingu."

Ochola aliinua simu ya mezani, akaomba Kajiado, akangoja sana. "Huyo wa kitanda cha dirishani," alisema mwishowe. "Ee. Mfungue. Hakuna kesi." Akaweka simu, akamtazama Wayua kama mtu asiyejua amweke wapi. "Wewe mama kaa hapo kwa benchi. Usiende. Tunaenda kumleta mzee."

Wayua akaketi pale Kafiya alipokuwa ameketi. Benchi lilikuwa bado na joto. Huko nje mbuzi alilia mara moja, halafu kwato zikasikika zikienda. Evalyne aliketi kando ya mama yake, sikio limevimba, akampa leso. Wayua akafuta mdomo. Boma la mawe meupe lilikuwa limebomoka mahali pawili, na mbwa alikuwa amelala ndani, ametulia, mlango wazi.